Mkono wa Mwisho: Somo Tulilolipata kwa Kushona Mfuko wa Laptopu

  

Katika ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya ndoa, malezi ya watoto, na jinsi ya kuishi vema na majirani wa mataifa mengine. Safari hii tunaandika juu ya mfuko wa kubebea laptopu. Tunajua wengine watacheka na kusema kwamba vijana wamekosa neno la kuandika. Lakini tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwa sababu mfuko huu ulitanguliwa na kosa, na kosa lenyewe ni letu. Tumeona si vema kuushona mfuko na kulificha kosa ndani yake.

YALIYOTUPATA

Kama mnavyojua, kanisa letu lina laptopu moja tu. Tuliichangia kidogo kidogo karibu mwaka mzima. Wengine walitoa shilingi elfu moja, wengine walileta kikombe cha maharage ambacho akina mama walikiuza sokoni, na hatimaye tukainunua Mbarara ikiwa imekwisha kutumika na watu wengine. Tangu hapo imetumika kuandika barua za kanisa na jarida hili. Vijana wameitumia kuandika maombi ya kazi na ya ufadhili wa masomo, kama ule wa DAFI ambao ulianza mwaka 1992 chini ya UNHCR. Tena ndani yake mmeweka nakala za vyeti vyenu, na picha za jamaa waliobaki nyuma au waliokwisha kulala.

Siku moja ilibidi ipelekwe Mbarara kuwekewa programu mpya. Tulimtuma kijana mmoja wa kwaya. Njia mnaijua wenyewe. Unapanda bodaboda juu ya barabara ya murramu, ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi, mpaka kuikuta lami upande wa Isingiro, kisha unaingia katika taxi mpaka mjini. Safari yote ni kilometa 50 na zaidi. Sisi wenyewe ndio tulioifunga mashine. Tuliweka chaja juu ya mfuniko wake, tukaizungushia shuka, tukaitia ndani ya kavera, tukaikaza kwa mpira wa baiskeli ili isicheze. Tuliona tumefanya kazi nzuri.

Alipofika mjini na kuifungua, kioo kilikuwa kimepasuka.

Aliporudi tulikaa kikao siku hiyo hiyo jioni. Tulimwuliza kama alianguka, akasema hapana. Tulimwuliza kama aliiweka chini mahali popote, akasema hapana. Hatukumwuliza neno la tatu. Tulisema: iliondoka ikiwa nzima, imerudi ikiwa imevunjika, na katikati alikuwapo mtu mmoja tu. Basi tukamwamuru alipe shilingi 280,000 za kioo kipya. Kijana hana kazi. Alianza kuwafyatulia watu matofali, akatuletea 30,000, baadaye 20,000, nasi tukazipokea na kuziandika katika daftari.

Halafu tukaongeza jambo lililo baya zaidi. Alikuwa na maombi yake ya masomo ndani ya mashine hiyo, na tarehe ya mwisho ilikuwa imekaribia. Alituomba aipeleke kwa fundi ili karatasi zake zitolewe kwa flashi, maana kioo ndicho kilichokufa na si mashine yote. Tulimkatalia. Tulisema mashine haitoki tena mkononi mwetu. Tarehe ikapita.

Wiki kadhaa baadaye wawili kati yetu waliipeleka Mbarara. Fundi aliitazama kidogo tu, akaonyesha kwa kidole kwamba nyufa zote zinatoka mahali pamoja, karibu na katikati, kama utando wa buibui. Akauliza, "Mliifungaje? Chaja ilikuwa wapi?" Tukamweleza. Akasema, "Basi ni hapo. Chaja imekandamizwa juu ya kioo. Hata kama ingebebwa na malaika ingepasuka." Na mpira tulioukaza kwa nguvu ili kuilinda ndio ulioisaidia chaja kuvunja.

Tulirudi Kabazana kimya. Njia nzima hakuna aliyesema neno.

SWALI

Ndugu wasomaji, kutokana na hayo tumekuwa na swali ambalo tumelizungumza miezi mingi: Kitu cha wote kinapovunjika, ni nani mwenye kosa? Na la pili linalofuatana nalo: Sisi tuliopoteza karibu kila kitu njiani, je, yatupasa kuhangaikia kitu kama plastiki na kioo?

Juu ya swali la kwanza, tumeona kwamba tulihukumu kwa desturi ambayo watu wengi wanayo. Tulimtafuta mtu aliyekuwa na kitu mkononi wakati kilipovunjika, na tulipompata tukaacha kutafuta. Sisi sasa tunaiita desturi hiyo hukumu ya mkono wa mwisho. Mtoto akivunja chungu kilichokuwa na ufa tangu juzi, anapigwa yeye, na aliyeuona ufa akanyamaza anakula chakula chake. Mwenye bodaboda akianguka kwenye shimo ambalo kijiji chote kinalijua tangu mvua za mwaka jana, tunasema alikuwa na mbio. Mkono wa mwisho huonekana kwa urahisi. Mikono iliyotangulia haionekani, na mara nyingi mmojawapo ni wa yule anayehukumu.

Neno la Mungu lina agizo moja ambalo wengi wetu tulilipita haraka kila tuliposoma. Liko katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Linasema juu ya mtu anayejenga nyumba mpya, kwamba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu akianguka kutoka juu, hatia ya damu isije juu ya nyumba hiyo. Katika nchi ile watu walipanda juu ya nyumba, wakalala huko na kuanika vitu. Tazama jinsi agizo hilo lilivyo. Halianzi na yule aliyeanguka wala haliulizi kama alikuwa mzembe. Linamwendea mwenye nyumba siku ya kujenga, kabla hajaanguka mtu yeyote. Kwa maneno mengine, kuna wajibu unaotangulia ajali, na asiyeutimiza hana ruhusa ya kuja baada ya ajali akiwa hakimu.

Sisi hatukuweka ukuta. Mfuko ungekuwa ndio ukuta wetu.

Lakini mzee mmoja wa kanisa alitupinga, nasi tunaandika hoja yake kwa sababu ina uzito. Alisema, "Vijana, mkifundisha hivyo, kila anayeharibu mali ya kanisa atasema kosa ni la wote. Na kosa la wote halina mtu wa kulilipa. Mali ya wote itaisha." Ni kweli. Tumeona mabomba ya maji na madawati yakiharibika kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake atatunza. Hatusemi kwamba anayebeba hana wajibu. Angeangusha mashine kwa mchezo, angepaswa kujibu. Tunachosema ni kwamba wajibu una mpangilio: kwanza aliyefunga, kisha aliyebeba, na hukumu ije baada ya kuuliza yote mawili. Yule kijana, tulipomwendea kumwomba msamaha, alituambia neno moja tu: "Mngeniuliza tuliifungaje, ningewaambia." Ni swali la tatu ambalo hatukuuliza.

Fedha zake 50,000 tulimrudishia siku ya Jumapili mbele ya kanisa, kwa sababu tulimhukumu mbele ya watu. Fedha zilirudi. Tarehe ya maombi haikurudi. Ameandika tena mwaka uliofuata, na tunapoandika haya bado anangoja jibu. Hatuwezi kuwaambia kwamba mambo yaliisha vizuri. Tunajua tu kwamba mwaka mmoja wa maisha yake ulipotea katika daftari letu.

JE, KULINDA NI KUKOSA IMANI?

Tulipopendekeza kushona mfuko, mama mmoja alisimama akasema kwa uchungu. Alisema kwamba walipokimbia hawakuwa na mfuko wala begi, Mungu aliwafunika wao wenyewe. Leo tuketi kupima sentimita za kufunika mashine? Alisema pia kwamba shilingi za sponji ni shilingi za unga.

Hatukuthubutu kumjibu haraka. Mgao wa chakula mnajua ulivyokwenda. Mwezi wa nne mwaka 2020 ulipunguzwa, mwaka 2021 ukapunguzwa tena, na mwaka 2025 familia nyingi nchini Uganda ziliondolewa kabisa katika orodha. Mtu anayesema unga kwanza hajakosea.

Lakini tulimwuliza kwa heshima, "Mama, mlipokimbia hamkubeba kitu chochote?" Akafikiri, akasema alikuwa na vyeti vya ubatizo vya watoto na kadi za kliniki. Alivifunga katika nailoni, akavifungia kiunoni chini ya kitenge, akavuka navyo. Mpaka leo anavyo. Tukamwambia, "Basi mama, na wewe ulishona mfuko." Akacheka, na kanisa likacheka naye.

Hapo ndipo tulipoona jambo. Waliopita kituo cha mapokezi hapa Kabazana wanakumbuka jinsi watu wanavyofika. Wengi hawana godoro, hawana sufuria, lakini mtu akiulizwa jina anaingiza mkono ndani ya nguo na kutoa karatasi iliyofungwa vizuri. Aliacha nyumba yake akaifunika karatasi. Je, alipenda karatasi kuliko nyumba? Hapana. Alijua kwamba ndani ya karatasi ile mna jina la mtoto. Tunatunza kitu kwa ajili ya watu waliomo ndani yake. Laptopu yetu ni plastiki na kioo, lakini ndani yake mna vyeti vya vijana 30 na zaidi, na picha ya pekee ya marehemu baba wa familia fulani. Anayeibeba anabeba watu hao.

Na juu ya imani, someni Hesabu sura ya 4. Kambi ya Israeli ilipokuwa tayari kusafiri, haikuwa ruhusa kulibeba Sanduku la Agano wazi. Haruni na wanawe walilifunika kwanza kwa pazia, juu yake ngozi, na juu ya ngozi kitambaa cha rangi ya samawati. Tabaka tatu! Nani alikuwa na imani kuliko watu waliokuwa wakiongozwa na wingu? Hata hivyo waliagizwa kufunika. Hatulinganishi mashine yetu na Sanduku, Mungu apishe mbali. Tunasema tu kwamba watu wa safari, watu wa kambi, walifundishwa kufunika kabla ya kubeba, na hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni dalili ya mashaka.

JINSI TULIVYOSHONA

Kwa kuwa wengine wameomba vipimo, tunaviandika hapa. Alitufundisha mama mmoja mshonaji, kwa cherehani yake ya miguu.

Mfuko wa kwanza uliharibika. Tulipima mashine yetu, tukakuta upana sentimita 38 na kimo sentimita 26, tukakata nguo kwa vipimo hivyo hivyo na kuongeza kidogo tu cha mshono. Haikuingia. Mama akatuambia, "Mmepima uso wake, hamkupima unene wake." Mashine ina unene wa sentimita 2 na nusu, na sponji nayo ina unene. Neno hilo limebaki kuwa methali katika kamati yetu, maana hata yule kijana tulimpima uso tu.

Mara ya pili tulikata hivi: nguo ya ndani vipande viwili vya sentimita 44 kwa 32, sponji vipande viwili vya 40 kwa 28, unene wa sentimita 1, nguo ya nje vipande viwili vya 48 kwa 36. Nguo ya nje lazima iwe kubwa kuliko ya ndani, kwa kuwa inaizunguka sponji. Kila upande umeachiwa sentimita 1 na nusu ya mshono. Mwenye mashine ndogo apime yake, aongeze unene wake, kisha aongeze sponji na mshono.

Ndani tuliweka shuka laini la zamani. Nje tuliweka suruali ya jinzi iliyochoka, na juu yake kitenge ili ipendeze. Kwenye pembe nne tulikunja sponji mara mbili, kwa sababu kitu kikianguka mara nyingi hutangulia pembe. Sponji haizuii kuanguka. Kazi yake ni kukifanya kitu kisimame polepole badala ya kusimama kwa ghafla, na ule upole ndio unaookoa kioo. Nyuma ya zipu tulishona ulimi wa nguo ili meno yake yasiikwaruze mashine. Na chaja, ndugu zetu, ina mfuko wake wa pembeni, nje kabisa, mbali na kioo. Huo tuliushona wa kwanza.

Kwa ajili ya mvua tulitaka turubai kati ya jinzi na sponji. Baba mmoja alijitolea kukata ncha ya turubai lililo juu ya nyumba yake. Tulimshukuru, tukakataa. Turubai lililotolewa kufunika watoto halipaswi kufunika mashine, hata kwa sentimita 40. Huu ndio mpaka wa maneno yetu yote juu ya kutunza vitu. Kitu kikianza kumvua mtu ili kijifunike, kimekwisha kuwa sanamu. Tulipata kipande kilichochanika kutoka ukuta wa choo cha zamani, tukakiosha siku mbili. Ukishona turubai tumia mshono mrefu, kwa kuwa matundu yakikaribiana sana litakatika kama karatasi. Na kumbuka kwamba matundu ya sindano hupitisha maji, kwa hiyo mvua ikiwa kubwa uongeze kavera juu yake.

Mambo mawili zaidi. Usiiweke mashine mfukoni ikiwa imewaka au inachajiwa, kwa maana sponji hushika joto na mashine itaungua taratibu. Na kama ni mashine ya zamani yenye diski inayozunguka, uizime kabisa kabla ya safari. Diski nyingi za namna hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Mtikiso wa murramu wakati huo unaweza kufuta kila kitu.

Tulichonunua ni sponji na zipu na uzi tu. Vingine vyote vilikuwa nyumbani mwenu.

TULIJISHONEA WENYEWE?

Mfuko ulipokwisha, wengine wetu tulijisifu. Tulisema hatukungoja wafadhili, tumejifanyia wenyewe. Ni vizuri kutokungoja. Akila na Prisila, kama tunavyosoma katika Matendo 18, walifukuzwa Roma kwa amri ya kaisari Klaudio, wakafika Korintho wakiwa wageni, na huko walikuwa wakishona mahema, na mtume Paulo akafanya kazi pamoja nao. Watu waliofukuzwa wakawashonea wengine makao. Nasi katika nchi hii, ambayo sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, tuna sababu ya kumshukuru Mungu na wenyeji wetu. Hata makazi haya ya Nakivale yamewapokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Lakini neno "wenyewe" lilitupa shida tulipolitazama. Kitenge chetu, ambacho tunakiona ni cha kwetu kabisa, ni cha namna ya nguo iliyotokana na batiki ya Java. Waholanzi waliiga batiki hiyo kwa mashine katika karne ya 19, wakaja kuiuza Afrika, na mama zetu wakaifanya iwe yao. Zipu iliyo bora ilitengenezwa na Gideon Sundback, mtu wa Sweden aliyehamia Marekani, naye aliikamilisha mwaka 1913. Sponji ya namna hii ilitokana na kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937. Na cherehani, hata Gandhi wa India, ambaye alizishutumu sana mashine, aliitaja mwaka 1924 kuwa mojawapo ya vitu vichache vyenye faida vilivyopata kubuniwa. Basi ndani ya mfuko mmoja mna Mjava, Mholanzi, Msweden na Mjerumani, pamoja na mama mshonaji wa Kabazana. Na nguo yetu iliyopendwa kuliko zote ni mgeni aliyefika kutoka mbali, akapokelewa, akawa mwenyeji.

Kwa hiyo jibu letu la swali la kwanza limekuwa pana kuliko tulivyotarajia. Kitu kizuri hakifanywi na mkono mmoja, na kitu kibaya pia mara nyingi hakifanywi na mkono mmoja. Tuko wepesi kugawana sifa za mfuko, kila mtu anasema nami nilishika mkasi. Siku ya kioo kupasuka hakuna aliyesema nami nilishika mpira. Haki ingekuwa kugawana yote mawili kwa kipimo kimoja.

TULICHOAMUA

Sasa tuna daftari jipya. Anayeichukua laptopu anaifungua mbele ya anayempa, wanaitazama pamoja, wanaifunga pamoja, wote wawili wanatia sahihi. Wengine waliuliza kama hiyo ni dalili ya kutoaminiana. Tunaona ni kinyume chake. Daftari la zamani liliandikwa ili kumshika mtu. Hili linamkinga anayebeba, kwa kuwa linashuhudia kwamba kufunga kulifanywa na wawili.

Yule kijana ndiye tuliyemwomba aipeleke Mbarara mara ya kwanza ndani ya mfuko mpya. Tulimwambia kwamba akikataa tutaelewa. Alikaa kimya kidogo, akauliza chaja iko wapi. Tukamwonyesha mfuko wa pembeni. Akauchukua, akaondoka, na jioni akarudi nayo ikiwa nzima.

Wapendwa, tunawaomba mambo mawili. Mwenye nguo kuukuu na muda wa mchana mmoja, aje ajifunze kushona mfuko kama huu, wa laptopu au wa simu au wa vyeti vya watoto. Akina mama wako tayari kufundisha kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Na la pili, kama nyumbani kwako kuna mtu anayelipa deni la kitu kilichovunjika mkononi mwake, kaa naye usiku huu umwulize swali la tatu. Muulize kilifungwaje, na nani alikifunga.

Mungu awabariki na kuwafunika ninyi na watoto wenu.

Ni sisi ndugu zenu wa kamati ya vijana, Kabazana.